MTOTO WA GALBET ATAFUNDISHWA NA NANI?



Katika toleo hili hatutasema habari za ujira wa makuli wala saa za kazi za madereva, ingawa mambo hayo hayajakwisha. Twataka kusema habari za watoto wetu. Mfanyakazi huvumilia jua la Garissa, mizigo ya sokoni na safari za usiku kwa sababu moja kubwa, kwamba mtoto wake afike mbali kuliko alikofika yeye. Ikiwa mtoto huyo huenda shuleni asubuhi na kurudi mchana bila kufundishwa, basi jasho la baba na mama limemwagika mchangani.

Neno letu ni fupi. Shule si kuta, wala si mabati, wala si vitabu. Shule ni mwalimu. Na katika Kaunti ya Garissa, kama ilivyo Wajir na Mandera, mwalimu ndiye aliyepungua.

Tukumbushane ilivyokuwa, kwa kuwa wengi wa vijana wanaosoma sasa walikuwa wadogo. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na al-Shabaab. Abiria walitengwa kwa dini zao, na watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo ya Desemba. Haikupita miezi mitano, tarehe 2 Aprili 2015, wauaji waliingia Chuo Kikuu hapa Garissa alfajiri, wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu hii hii. Baada ya misiba hiyo walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya waliomba uhamisho, na mwaka 2020 Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) yenyewe iliwaondoa walimu wengi wa namna hiyo katika kaunti zote tatu.

Wako watu wasemao mabarazani kwamba walimu wale walitukimbia. Sisi hatulikubali neno hilo. Chama hiki husema kila siku kwamba dereva asitumwe barabarani na gari lisilo na breki, na kwamba kuli asibebeshwe mzigo utakaomvunja mgongo. Basi na mwalimu naye asitumwe mahali pasipo na ulinzi. Haki ya mfanyakazi kurudi nyumbani akiwa hai ni moja kwa kazi zote. Mwalimu aliyeondoka hakuwa na kosa.

Lakini na neno la pili ni kweli vilevile. Mtoto aliyebaki naye hakuwa na kosa. Hakushika bunduki, hakusimamisha basi, hakumfukuza mtu. Wauaji walitenda, na adhabu imemwangukia mtoto wa darasa la tano. Mambo haya mawili ni lazima tuyashike pamoja. Anayeshika moja na kuacha la pili hajaona taabu yetu ilivyo.

Wala tusidhani upungufu huu ulizaliwa mwaka 2014. Wakati wa Waingereza nchi hii ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na tangu 1926 ilikuwa wilaya iliyofungwa; mtu wa nje hakuingia bila kibali. Baada ya Uhuru vikaja vita vya Shifta, kuanzia 1963 mpaka 1967, na sheria za hali ya hatari zikakaa mpaka 1991. Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka wa Bunge namba 10, ambao ulisema fedha za maendeleo ziwekwe hasa mahali penye ardhi nzuri na mvua, yaani mahali ambapo faida itarudi upesi. Nchi ya ngamia na ng'ombe haikuhesabiwa kuwa na faida ya upesi. Shule zikawa chache, na shule chache hazikuzaa walimu wa kutosha. Kwa hiyo walimu wa bara walipoondoka, hapakuwa na wenyeji wa kutosha kushika nafasi zao. Mti ambao haukupandwa 1965 haukuweza kutoa kivuli 2020.

Sasa tazameni yanayofuata mwalimu akikosekana. Mvulana akiona siku tatu hapana somo la hesabu, siku ya nne haendi. Atatafuta bodaboda ya kukodi, au atasukuma mkokoteni wa maji, au ataketi na wauzaji wa miraa mpaka yeye mwenyewe awe mtafunaji. Hatuzidharau kazi za mikono. Wengi wetu twazifanya, na twala halali. Lakini kuna tofauti kati ya kijana aliyechagua kazi na kijana aliyesukumwa humo kwa sababu milango mingine ilifungwa. Msichana naye, shule ikilegea, huanza kuambiwa nyumbani kwamba amekua. Sheria ya Ndoa ya 2014 yasema hapana ndoa kabla ya miaka 18, lakini ulinzi ulio karibu na msichana ni nafasi yake darasani na mwalimu atakayeuliza kwa nini leo hakuja. Na wale watu wanaotafuta vijana wa kuwapeleka porini kushika silaha hawamtafuti kijana mwenye mtihani wiki ijayo. Humtafuta yule asiye na la kufanya.

Juu ya hayo, ukame uliodumu toka 2020 hadi 2023, ambapo mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, uliua mifugo ya watu, na jamaa nyingi zikasogea mijini bila kitu. Kisha yakaja mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024. Mto Tana ukafurika, barabara ya Garissa na Madogo ikakatika, watu wakahama nyumba zao. Mtoto aliyepitia mambo hayo huja shuleni na njaa, na moyo wake haujatulia. Yeye ahitaji mwalimu anayemjua kwa jina zaidi ya mtoto wa Nairobi, lakini ndiye asiyempata.

Wengine husema watoto wa kwetu hawapendi kusoma, kwamba ni watoto wa wafugaji, hawawezi kutulia. Neno hilo ni uongo, na ushahidi tunao hapa hapa katika bula zetu. Mtoto yule yule asiyeweza kusoma ukurasa wa Kiswahili amehifadhi juzuu za Kurani dugsini. Kichwa chake ni kizima, na bidii anayo. Dugsi ina nini ambacho shule haina? Haina majengo mazuri. Mara nyingi ni kivuli cha mti na mbao za kuandikia. Lakini maalim yupo kila siku. Maalim ni mtu wa hapa, azijua jamaa, na jamaa wakihama na mifugo, maalim aweza kuhama nao. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, kwamba mwalimu akiwapo, mtoto hujifunza hata bila kuta.

Hebu tuje kwenye dawa inayotolewa sasa, tuipime kama wafanyakazi. Dawa ya kwanza ni mwalimu wa bodi. Bodi ya shule humtafuta kijana aliyemaliza sekondari au chuo, humlipa kwa michango ya wazazi, na mwezi ambao michango haikupatikana, yeye hungoja. Dawa ya pili ni mwalimu wa mafunzo ya kazini, aliyeletwa kwa wingi sekondari msingi ilipofunguliwa mwaka 2023. Huyo ni mwalimu aliyehitimu na kuandikishwa, afundisha saa zote za mwalimu kamili, lakini posho yake iliwekwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na yule wa shule ya msingi 15,000, kabla ya makato. Sisi twalijua jambo hili kwa jina lake la zamani. Ni kazi ya fundi kwa ujira wa kibarua. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba mpango huo ulivunja haki za walimu hao. Mwezi wa Mei walimu waligoma, na kuanzia Januari 2025 maelfu yao waliajiriwa kwa kudumu. Huo ni ushindi wa umoja. Lakini wengine walichukuliwa tena kwa mtindo ule ule, kwa hiyo vita havijakwisha.

Mahali pengine ujira wa namna hiyo humwumiza mwalimu peke yake. Hapa kwetu huiua na shule. Kijana wa Galbet aliyesoma, akipewa kazi ya kudumu Dadaab au katika duka la mjomba wake, ataondoka darasani kesho, na hatuwezi kumlaumu, kwa maana ana mama na wadogo zake. Basi kila mwaka watoto huanza upya na uso mpya. Ajira isiyokuwa na mizizi haiwezi kukuza mtoto.

Dawa ya kweli ni kumlea mwalimu wa hapa na kumwajiri kwa haki. Vyombo tunavyo. Garissa ina chuo cha walimu, na chuo kikuu kilichotaka kuzimwa kwa risasi kilifunguliwa tena Januari 2016, kisha mwaka 2017 kikapewa hati ya kujitegemea. Kuna mashauri ya kupunguza alama za kuingia chuo ili vijana wetu wapate nafasi. Sisi twasema mlango upanuliwe, lakini asiingizwe mtu na kuachwa. Aliyekosa alama kwa sababu hakuwa na mwalimu apewe kwanza masomo ya kumjazia pengo, ili asije akawa mwalimu dhaifu wa kuzaa wanafunzi dhaifu.

Wala tusifahamiwe vibaya. Hatusemi shule za Garissa ziwe za wenyeji tu. Desemba 2015 basi lilishambuliwa tena katika Kaunti ya Mandera, na Waislamu waliokuwamo wakakataa kujitenga na Wakristo. Mmoja wao alikuwa mwalimu, marehemu Salah Farah. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mwalimu huyo alifundisha somo ambalo halimo katika mtaala wowote, na chama cha wafanyakazi hakina somo lingine kubwa kuliko hilo. Mwalimu atokaye Kitui, Kisii au Kakamega ni ndugu yetu, na akirudi na ulinzi tutampokea.

Kwa hiyo twadai haya:

Kwanza, TSC itoe nafasi za kudumu kwa walimu waliohitimu wanaokaa katika kaunti hizi, na walimu wa bodi wenye vyeti wafikiriwe mbele ya wengine.

Pili, shule za mbali zijengewe nyumba za walimu karibu na ulinzi, na posho ya mazingira magumu ilipwe kwa ukamilifu.

Tatu, chakula cha mchana shuleni kisikatike. Mtoto mwenye njaa hana mwalimu hata kama mwalimu yupo.

Nne, kijana apate kitambulisho bila kuzungushwa. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kwamba ule uchunguzi wa ziada wa watu wa mipakani umeondolewa. Twataka neno hilo lionekane katika kila ofisi ya uandikishaji, kwa maana mwalimu wa kesho hawezi kuajiriwa bila kitambulisho.

Madai ni lazima yapelekwe kwa mwenyewe. Wengi wetu humwendea mwakilishi wa wadi kulalamika kwamba shule ya msingi haina mwalimu. Kwa Katiba ya 2010 kazi hiyo si yake. Kaunti hushika shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na huko ndiko tumbane. Walimu wa msingi na sekondari ni wa TSC na Serikali ya Taifa, na fedha zao hupitishwa na Bunge. Basi mwulizeni Mbunge, si kwa matusi, bali kwa hesabu.

Na hesabu hiyo twaweza kuifanya wenyewe. Kila mwanachama mwenye mtoto shuleni aandike katika karatasi: shule gani, darasa gani, somo gani limekaa bila mwalimu, na tangu lini. Jina la mtoto halihitajiki. Karatasi ziletwe kwa katibu wa tawi. Halmashauri itazikusanya na kuzipeleka kwa barua moja kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti, na nakala kwa Mbunge. Malalamiko ya mtu mmoja ni kelele, lakini hesabu ya watu mia ni hoja.

Tena mikutano ya wazazi isiachiwe watu wawili watatu. Sisi tusiokosa mkutano wa chama hatuna udhuru wa kukosa mkutano wa shule.

Kifungu cha 53 cha Katiba chasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakikusema kila mtoto isipokuwa wa Galbet. Haki iliyoandikwa ni kama ujira uliotajwa katika mkataba: usipoudai mwisho wa mwezi, hautaletwa mlangoni.

Umoja ni nguvu.