Kalenda ya Michezo ni Ahadi

Wakazi wa visiwa hawahitaji kufundishwa maana ya msimu. Tangu zama za mababu, nahodha aliyetaka kusafiri na kusi alikalafati chombo chake mapema, kwani upepo haumngoji mtu. Leo tunapenda kuwaelekeza wasomaji wetu kwenye mchezo ambao kwetu ni mgeni kabisa, lakini ambao upangaji wake una somo kwa kila aliyekabidhiwa dhamana ya kuandaa mashindano.

Mchezo huo huitwa baiathloni. Mchezaji huteleza juu ya theluji akiwa na skii miguuni na bunduki mgongoni, kisha husimama, huku bado anatweta, na kulenga shabaha tano zilizo umbali wa mita 50. Katika mbio nyingi, kila shabaha anayoikosa humgharimu mzunguko wa adhabu wa mita 150. Msimamizi wake ni Shirikisho la Kimataifa la Baiathloni, lililoundwa mwaka 1993 na lenye makao yake karibu na Salzburg, nchini Austria. Kombe la Dunia la mchezo huo lina umri mkubwa kuliko shirikisho lenyewe: lilianza katika msimu wa 1977/78, na wanawake wakaanza kushindania lao katika msimu wa 1982/83.

Kombe hilo halishindwi kwa siku moja. Tuchukue mfano wa msimu wa 2024/25. Ulifunguliwa mwishoni mwa Novemba huko Kontiolahti, Ufini, ukahamia Hochfilzen, Austria, kisha Le Grand-Bornand, Ufaransa, ndipo wachezaji wakapumzika kwa sikukuu za mwisho wa mwaka. Januari ilikuwa zamu ya Oberhof na Ruhpolding za Ujerumani, na Antholz ya Italia, wiki kwa wiki. Februari Kombe lilisimama kupisha Mashindano ya Ubingwa wa Dunia huko Lenzerheide, Uswisi. Machi msafara ukapita Nové Město, nchini Cheki, na Pokljuka, nchini Slovenia, hadi kufunga kazi mjini Oslo, Norwei.

Kila kituo kina ratiba yake ya siku chache, na mara nyingi mbio moja huizaa nyingine. Wachezaji 60 wa kwanza katika mbio fupi ndio wanaoingia mbio za kufukuzana, na kila mmoja huondoka nyuma ya mshindi kwa tofauti ile ile ya muda aliyoachwa nayo. Katika mbio za kuanza pamoja hukubaliwa wachezaji 30 tu. Hali kadhalika, idadi ya wachezaji ambao kila nchi inaruhusiwa kuwapeleka hutegemea nafasi yake katika msimamo wa mataifa. Wachezaji 40 wa kwanza hupata pointi, na tangu msimu wa 2022/23 mshindi hupewa 90. Anayeongoza huvaa namba ya manjano, hata mtazamaji asiyejua kusoma hesabu hizo akamtambua kwa macho.

Faida ya utaratibu huo ilionekana Machi 2025. Baada ya miezi minne ya safari na mashindano, taji la wanawake kati ya Franziska Preuß wa Ujerumani na Lou Jeanmonnot wa Ufaransa liliamuliwa katika mbio za mwisho kabisa huko Oslo, Preuß akashinda. Aliyeshinda na aliyeshindwa waliijua hesabu tangu siku ya kwanza, na hapana aliyeweza kudai kwamba kanuni ilibadilishwa njiani.

Si kwamba wenzetu hao hawapatwi na misukosuko. Theluji siku hizi haiaminiki, na kwa hiyo miji kama Östersund, nchini Uswidi, huhifadhi theluji ya msimu uliopita chini ya unga wa mbao hadi msimu mpya. Maradhi ya korona yalipoingia, mashindano ya Oslo ya Machi 2020 yalifutwa. Lakini msimu uliofuata haukuachwa uende kama jahazi lisilo na usukani. Vituo vilipunguzwa, timu zikakaa wiki mbili mahali pamoja huko Kontiolahti, Hochfilzen, Oberhof na Nové Město, na Östersund ikapokea mashindano ya kufunga msimu badala ya Oslo. Kalenda ilibadilishwa, lakini ilibaki kuwa kalenda.

Atasema msomaji kwamba Ulaya wana fedha za televisheni na wadhamini. Ni kweli, na hatutaki kulificha jambo hilo. Hata hivyo, kutangaza tarehe mapema na kuitimiza hakuhitaji utajiri. Kunahitaji heshima kwa wengine.

Na hapa ndipo linapotugusa sisi wa visiwani. Mchezaji wetu aghalabu ni mvuvi, mwalimu, mwanafunzi au mfanyakazi aliyeomba ruhusa kwa mkubwa wake. Ili kucheza huenda akavuka bahari kwa nauli iliyochangwa. Mchezo unapoahirishwa baada ya yeye kushuka gatini, nauli hiyo hairudi, na ruhusa ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Mwenye nyumba ya wageni na mama lishe nao hupata hasara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa hajui mgeni anakuja lini?

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vyama vya michezo, pamoja na maofisa wa Serikali wanaohusika, wazingatie mambo matatu. Kwanza, kalenda ya msimu mzima itangazwe kabla ya msimu kuanza, baada ya kuilinganisha na safari za vyombo vya baharini, mitihani ya shule na majira ya mvua. Pili, kila tarehe iwe na siku yake ya akiba, ili kuahirisha kuwe na utaratibu. Tatu, kanuni za pointi zikishaandikwa zisiguswe hadi msimu umalizike.

Tusingoje chombo kianze kuingia maji ndipo tutafute kalafati. Kalenda ni ahadi, na ahadi ni deni.