Visu vya Mpini wa Mfupa, na Majina ya Mafundi Wetu

Katika nyumba zingine za hapa Bukama kungali sanduku la visu na furusheti zenye mpini wa mfupa, zilizoachwa na Wazungu wa reli na wa mashua ya Lualaba. Reli ilifika kwetu mwaka 1918, vyombo vya meza vikaja nayo. Siku ya ndoa sanduku linafunguliwa, watoto wanakatazwa kugusa. "Ile ni antike," wanatuambia. (Basi mama, usivioshe na maji ya moto: gundi ya ndani inayeyuka, mpini unatoka.)

Hatukatai uzuri wake. Kisu kikiwa na neno Sheffield, mtu anaweza kumtafuta fundi wake hata leo, maana chama cha wafua visu wa kule Uingereza, kilichoanzishwa 1624, kiliandika alama za mafundi. Alikuwa mtu wa kazi tu, mwenye vumbi la jiwe la kunolea kifuani. Lakini aliandikwa.

Na wetu je? Mwaka 1957 na 1958 walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta chuma, shaba na pembe ya ndovu. Kisha, miaka ya 1970, Pierre de Maret alikuta kule Kamilamba kaburi la zaidi ya miaka elfu moja: fuawe karibu na kichwa cha marehemu, na shoka lenye mpini uliopambwa kwa misumari ya chuma. Shoka lile ni ndugu wa kasolwa ya babu zetu. Halafu kuna watu, tena wenye diploma kama sisi, wanasema kasolwa ni kitu cha mashetani! Hao hao wanapangusa furusheti na kitambaa cha hariri.

Wengine wanajibu: mafundi wetu hawakuwa na majina. Uongo. Mchongaji mmoja wa Kiluba, Wazungu walimwita Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji tu. Wazee walipoulizwa baadaye, likatajwa jina: Ngongo ya Chintu.

Kwa hiyo likizo hii tunawapa wanafunzi wetu daftari. Kila mmoja amwulize babu yake: kisu hiki nani alikifua, na nani alimfundisha? Tena mbio, maana juzi tu kasolwa moja ilipanda treni ya Lubumbashi ndani ya gunia la samaki, kwa bei isiyofika furusheti moja. Muuzaji anamjua aliyeifua, ni mjomba wa mama yake. Tulipofika kwake alikuwa amekwisha kwenda shambani. Tutamfuata huko.