Usiamini jibu usiloweza kulikagua

Jumapili iliyopita mdogo wangu, mwanafunzi wa hisabati mwaka wa tatu, alikuja kwangu na kipakatalishi chake, amenuna. "Kaka, hii programu uliyonipa ni mbovu. Nimeiuliza swali, nayo inaniuliza mimi."

Nikachungulia. Alikuwa ameiambia Maxima itafute intigrali ya x^n. Badala ya kutoa jibu, Maxima ilitaka kujua kwanza: je, n ni sawa na -1?

Nikamwuliza kanuni aliyofundishwa darasani. Akaitaja bila kusita: ongeza 1 kwenye kipeo, kisha gawanya kwa kipeo hicho kipya. Sawa. Na n ikiwa -1? Kimya. Hapo utakuwa unagawanya kwa sifuri, kanuni inavunjika, na jibu lake ni logi asilia. Kuna programu zinazokurushia kanuni tu bila kuitaja hali hiyo. Ile aliyoiita mbovu ndiyo iliyokuwa ikimfundisha.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana na programu hizi za aljebra: hizi si kikokotoo cha kawaida. Kikokotoo hukupa 0.3333. Programu ya aljebra hukupa 1/3, na hukubali x ibaki x. Inafungua mabano, inatatua milinganyo, inatafuta intigrali. Wanahisabati huzitumia kila siku, na wengine hawawezi kufanya utafiti bila hizo. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na tabia ya kuchukua jibu la mashine kana kwamba ni uthibitisho. Jibu la mashine ni ushahidi, na shahidi lazima ahojiwe.

Chukua mfano huu. Mwaka 2001 David Borwein na mwanawe Jonathan walichapisha makala kuhusu familia fulani ya intigrali. Ukizikokotoa moja baada ya nyingine, saba za kwanza zinatoa jibu lile lile: pai gawanya kwa 2. Ya nane inapungua, lakini kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya bilioni kumi. Mtu yeyote angesema programu ina kasoro. Haina! Siri ni kwamba 1/3 + 1/5 + 1/7 + 1/9 + 1/11 + 1/13 haifiki 1, ila ukiongeza 1/15 jumla inapita 1, na papo hapo mpangilio wote unavunjika. Hapo mashine ilisema kweli, na binadamu ndiye angedhani inadanganya.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 2014 wanahisabati watatu wa Uhispania, Durán, Pérez na Varona, walieleza katika jarida la Chama cha Hisabati cha Marekani jinsi Mathematica ilivyowapotosha. Walikuwa wakikokotoa ditaminanti za matriksi, yaani majedwali ya namba, zenye namba kamili kubwa sana. Hakuna desimali, hakuna kukadiria. Hata hivyo programu ilitoa majibu ya makosa, na matriksi ile ile ikiulizwa tena ilitoa jibu tofauti. Kilichowaokoa ni kulinganisha na programu nyingine. Kujua kosa lilitoka wapi hawangeweza, kwa sababu msimbo wa programu hiyo umefungwa.

Mimi huandika programu kwa riziki yangu. Kazini hakuna anayekubali mabadiliko ambayo hajayaona, hata yawe ya mistari mitano. Vipi basi hatua ya uthibitisho wa hisabati, kazi inayotakiwa kudumu miaka 300, ikae ndani ya kisanduku kisichofunguka?

Najua utaniambia programu huria nazo zina kasoro. Kweli, zinazo, na katika kazi fulani zile za kulipia huzishinda kwa kasi. Utasema pia kwamba hakuna mtu atakayesoma mistari yote ya msimbo. Hilo nalo ni kweli. Lakini si lazima usome yote. Inatosha kwamba siku ukishuku, wewe au mwenzako anaweza kufungua mahali penyewe na kuangalia.

Tena kwetu kuna jambo la aibu ambalo hatulisemi. Nilipokuwa chuoni, programu ya hisabati tuliyoitumia ilikuwa ya wizi, ikipita kutoka flashi moja hadi nyingine. Tulifunzwa ukweli wa hisabati kwa kifaa cha wizi, na hakuna aliyeona ajabu. Wakati huo huo Maxima ilikuwepo. Mizizi yake ni Macsyma, iliyoanza MIT mwaka 1968. William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas aliitunza kwa miaka mingi, akapata kibali mwaka 1998 cha kuitoa kwa leseni ya GPL, akafariki mwaka 2001. Halafu kuna Sage, aliyoianzisha William Stein mwaka 2005, inayokusanya Maxima, PARI, GAP na nyingine nyingi chini ya lugha ya Python. Zote bure, na halali.

Walimu wengine wanahofia kwamba wanafunzi wataacha kufikiri. Hofu hiyo ina msingi ikiwa maswali ya mtihani yatabaki "tafuta intigrali". Badilisha swali. Mpe mwanafunzi jibu la mashine, mwambie alihoji: litafutie derivati uone kama unarudi ulikoanzia, weka namba mbili tatu mahali pa x, uliza programu nyingine, taja hali ambayo jibu linavunjika. Anayeweza kufanya hayo ameelewa somo kuliko aliyekariri kanuni 20.

Mdogo wangu alipoondoka jioni ile alikuwa ameacha kununa. Usiku akanitumia ujumbe: amejaribu kipeo ambacho si namba bali herufi mbili, na Maxima imemuuliza tena. Safari hii, anasema, alijua jibu kabla haijamaliza kuuliza.