Kidonge cha Kila Siku si Kukosa Imani



Hapa Kalemie tumesikia zaidi ya mara moja maneno haya: “Nimeombewa, nimepona, dawa nimeziacha.” Anayesema hivyo hakusudii kudanganya. Mwili umerudi, kikohozi kimekwisha, naye ameanza tena kuvua ziwani au kuuza sokoni. Lakini amekosea juu ya chanzo cha nguvu zake, na kosa hilo laweza kumwua.

Katika damu yetu zimo chembe nyeupe ziitwazo CD4, ambazo huziongoza nyingine kupigana na magonjwa. Virusi vya ukimwi huingia katika chembe hizo, huzaliana humo na kuziangamiza. Dawa huvizuia visizaliane, na hapo chembe hupata nafasi ya kuongezeka. Virusi hupungua upesi, lakini kinga hurudi polepole, kwa miezi na hata miaka. Kwa hiyo tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye virusi aanze dawa bila kungoja kinga ishuke.

Mambo mawili huwapotosha wengi. Pengine katika majuma ya kwanza mgonjwa huzidiwa, kwa kuwa kinga iliyoamka imeanza kushambulia ugonjwa uliojificha, kama kifua kikuu. Huyo arudi kwa mganga, asizitupe dawa. Tena, baadhi ya virusi hulala ndani ya chembe zilizotulia, ambako dawa haziwezi kuviondoa. Dawa zikiachwa, huamka, na mara nyingi hujaa tena katika damu baada ya majuma machache tu.

Wako wasemao kwamba kumeza kidonge kila siku ni kumtilia Mungu mashaka. Hatukubaliani nao. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chamwagiza mgonjwa asali na pia ampe mganga nafasi yake, kwa maana dawa nazo zatoka kwa Bwana. Anayemlazimisha mgonjwa kuchagua kati ya sala na dawa anatenganisha vitu ambavyo Maandiko yameviweka pamoja.

Lakini tusiwalaumu wahubiri peke yao. Wengine huacha dawa kwa sababu yetu sisi, tunaonong’ona tukimwona mtu kwenye mlango wa kituo cha afya. Mwenye kuficha vidonge huruka siku, na virusi hupata nafasi ya kuzizoea dawa. Ilhali anayezimeza barabara, hata vipimo visione tena virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa.

Basi, tumwombee mgonjwa kwa moyo wote. Tukimaliza kusali, tumsindikize akachukue dawa zake, na siri yake tuitunze.