Amana ya Barua za Watu

Kwa miaka mingi nyumba za Busia na Tororo hazikuletewa barua mlangoni. Barua ilifika posta, ikatiwa katika sanduku lenye nambari, na mara nyingi sanduku moja lilitumiwa na ukoo mzima, shule nzima, au kikosi kizima. Aliyeshika ufunguo alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Yeye ndiye aliyejua nani ameandikiwa na mahakama, nani ameletewa habari za mwanawe aliye mbali, na nani amevunjiwa uchumba. Akiwa mwaminifu, jamaa walikaa kwa amani. Akiwa mzembe au mpenda maneno, fitina iliingia nyumbani.

Ufunguo huo sasa una sura mpya. Wako watu waliojifunza kompyuta, askari wakiwa miongoni mwao, ambao hukodi seva, yaani kompyuta iwakayo usiku na mchana katika mtandao wa intaneti, wakaitumia kuhifadhi barua pepe na tovuti za rafiki zao: tovuti ya kwaya, ya timu ya mpira, ya duka la vipuri, na anwani za barua za ndugu wa pande zote mbili za mpaka. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, yampasa anayeianza ajue kwamba amepokea amana.

Jambo lenyewe si geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1984, huko Marekani, Tom Jennings alianzisha FidoNet, mtandao wa kompyuta za watu binafsi zilizopigiana simu, hasa usiku, na kupokezana barua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ufundi huo ulikuwa umefika Nairobi, na kule Chuo Kikuu cha Makerere, Charles Musisi alikiendesha kituo kilichoitwa MUKLA. Barua za watu wengi zilikusanywa katika mashine moja, kisha zikapelekwa ng'ambo kwa simu. Barua iliweza kuchukua saa nyingi njiani, lakini ilifika, kwa kuwa palikuwa na mtu aliyekesha na mashine kwa ajili ya wenzake.

Siku hizi njia ni pana. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na nyaya za nuru zikaendelea bara hadi Nairobi na Uganda. Kabla ya hapo mawasiliano mengi yalitegemea setilaiti iliyo angani umbali wa karibu kilomita 36,000, na gharama yake ilikuwa kubwa. Leo mtu aliyeketi Tororo aweza kukodi seva Kampala, Nairobi au Ujerumani, na kuiamuru kwa simu yake ya mkononi.

Swali la kwanza ni mahali pa kuiweka seva hiyo. Wako wanaotamani kuiweka nyumbani, chini ya meza, ili waepuke kodi. Kwa wakazi wa Tororo shauri hilo lina hatari yake. Kati ya mwaka 1967 na 1976 ilihesabiwa kwamba ngurumo za radi zilisikika Tororo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka, na mji huo ukaingia katika vitabu vya rekodi za dunia. Radi ikipiga karibu, nguvu yake yaweza kufuata nyaya za umeme na za simu za shaba hadi ndani ya mashine. Umeme nao hukatika. Zaidi ya hayo, laini nyingi za nyumbani hazina anwani ya kudumu katika intaneti, na kampuni nyingi za simu huufunga mlango wa 25, ambao ndio seva hutumia kupelekeana barua. Kwa hiyo seva ya nyumbani yafaa kwa kujifunzia. Barua za watu na ziwekwe katika kituo cha data chenye jenereta, betri na walinzi.

Swali la pili ni ukubwa. Seva kamili iliyotengwa kwa mteja mmoja ni ghali, na kwa rafiki kumi au ishirini si lazima. Sehemu ya mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 hadi 4 hutosha kwa barua zao na tovuti ndogo kadhaa. Kuhusu umbali, ieleweke hivi: mtu wa Busia ya Uganda akimwandikia shemeji yake wa Busia ya Kenya, na seva yao ikiwa Ujerumani, barua husafiri hadi Ujerumani na kurudi, ingawa wawili hao wangeweza kukutana kwa miguu kwenye kituo cha mpakani. Kwa barua safari hiyo haina madhara, maana hukamilika kwa muda mfupi sana. Tovuti yenye picha nyingi ndiyo huonekana nzito.

Swali la tatu huwashinda wengi, nalo ni kuaminiwa na seva nyingine. Barua taka zimejaa duniani, na kila seva mpya hutazamwa kama mgeni asiye na kitambulisho. Mwenye seva hana budi kuwa na jina la kikoa lililosajiliwa, aombe anwani ya seva yake iandikishwe kwa jina hilo hilo, atangaze ni mashine ipi iliyoruhusiwa kutuma barua kwa jina hilo, na kila barua itiwe sahihi ya kidijitali. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti haya, na barua isiyoyatimiza hukataliwa au hutupwa pamoja na barua taka. Anwani ya seva iliyokodiwa yaweza pia kuwa imechafuliwa na mpangaji aliyetangulia. Na ikaguliwe kabla ya kulipa kodi ya mwaka.

Hayo ni ya ufundi, na fundi mwenye subira huyaweza. Jambo zito liko kwingine. Barua zikishafika katika seva, mwenye seva aweza kuzisoma, isipokuwa kama wenyewe wamezifumba kabla ya kuzituma. Hapana kufuli linalomzuia, ila tabia yake mwenyewe. Hivyo na awaambie rafiki zake ukweli huo tangu siku ya kwanza. Kwa askari na polisi neno hili ni amri: shughuli za kikosi, zamu, safari na majina ya watu wa kazini hayapiti kamwe katika seva ya rafiki, hata akiwa ndugu wa damu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nakala ya barua na tovuti ichukuliwe kila usiku na kuhifadhiwa mahali pengine, mbali na seva yenyewe. Tena mara moja kwa mwezi nakala hiyo ifunguliwe na kujaribiwa, kwani wengi wamegundua siku ya msiba kwamba nakala zao zilikuwa tupu. Marekebisho ya programu nayo yatiwe bila kuchelewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lililobaki lawahusu zaidi wasomaji wa kambini, kwa sababu askari ni mtu wa uhamisho. Mathalani, askari wa Tororo awahifadhia barua watu kumi na wawili. Apata amri ya kwenda mbali, mahali simu haishiki. Fedha katika kadi yake ya malipo zaisha, kodi ya seva hailipwi, na jina la kikoa lafikia mwisho wa mwaka wake. Seva yafungwa. Mkwewe, mama mjane wa Busia, hapati tena barua za shule ya mtoto. Baya zaidi, jina likishaachwa, mtu yeyote aweza kulinunua. Mnunuzi huyo ataanza kupokea barua zilizoandikiwa mama huyo, zikiwemo zile za kubadilisha neno la siri la akaunti zake nyingine. Askari hakuiba wala hakusema uongo. Alisahau tu kukabidhi ufunguo.

Dawa yake ni nyepesi. Jina la kikoa lilipiwe miaka kadhaa mbele. Awepo mtu wa pili anayejua kazi na mwenye idhini ya kuingia. Maneno ya siri, tarehe za malipo na jina la kampuni ya seva viandikwe kwenye karatasi, itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kuwekwa nyumbani pamoja na hati za shamba na vyeti vya ndoa, mke au mume akijua ilipo. Mwenye seva akiona hawezi kuendelea, awape wenzake taarifa ya miezi mitatu na kumpa kila mmoja barua zake zote, ili ahamie kwingine.

Asiyekuwa na mtu wa pili na aanze na tovuti peke yake, barua aziache kwa kampuni kubwa. Tovuti ya kwaya ikizimika wiki moja, kwaya itaimba. Barua ya matibabu au ya mafao ya marehemu ikipotea, huenda asipatikane wa kuiandika tena.