Daftari la Wiki: Nani Akae Mkiani

Jumapili jioni tulikaa watu kumi na wawili chini ya mwembe, Chuno, Mtwara mjini, kupanga safari ya pikipiki ya siku tatu. Mtwara mpaka Msimbati, kisha Kilambo, kisha kandokando ya Ruvuma hadi Kitaya, kupanda Nanyamba na Tandahimba, kumalizia Newala. Lami tumekubaliana kuikwepa kila inapowezekana. Tunataka njia za mashambani, zile zinazopita katikati ya mikorosho na kutokea uani kwa watu. Njia tuliipanga kwa nusu saa. Mabishano yalikwenda mpaka isha, na yalihusu jambo moja: nani akae mkiani.

Kuongoza kila mtu alikuwa tayari. Wa mbele anaiona njia, hamezi vumbi la mtu, na picha zikipigwa yeye ndiye anayeonekana. Mkia hakuna aliyeutaka. Kelele zilipotulia, mjomba mmoja, fundi pikipiki wa miaka mingi, akauliza: "Wa mbele akiharibikiwa, wote tutamkuta. Wa nyuma akiharibikiwa, nani atamkuta?" Akaomba mkia apewe yeye.

Kisha akakunjua gunia, akatuonyesha mzigo wake. Tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma. Viraka na solusheni. Pampu ya mkono. Spana namba 10, 12, 14 na 17, na ile ya plagi. Plagi mpya. Waya wa klachi uliokunjwa kama bangili. Kiungio cha cheni ndani ya kipande cha gazeti, kisipotee. Mipira ya kufungia iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Chupa ndogo ya oili. Kila kitu alikigusa kwa kidole na kukitaja kwa sauti, ili siku akiumwa yeye, tujue tumebeba nini.

Tangu hapo kikao kilibadilika, na kila kanuni tuliyoandika ilianzia kwa mtu wa mwisho. Kwenye njia panda hakuna anayekata kona mpaka aione taa ya anayemfuata. Hata kiongozi akiwa mbali mbele, hakuna atakayepotea. Mwendo ni wa pikipiki dhaifu kuliko zote, ambayo kwetu ni ya dada mmoja muuguzi, injini ya cc 100. Nafasi kati ya pikipiki na pikipiki ni ile inayoruhusu vumbi la mwenzako litue kwanza. Kila tukisimama tunahesabiana kwa kutaja namba, na safari haiendelei mpaka tusikie "kumi na mbili".

Msimbati kuna mchanga. Tairi hupunguzwa upepo kabla ya kuingia na kujazwa tena baada ya kutoka. Gia ya pili, macho mbali, mkono usiikamate breki ya mbele ghafla. Wapo waliotaka tuteremke na pikipiki mpaka ufukwe wa Ruvula maji yakipwa. Nilikataa, na nimefurahi kwamba nilisikilizwa. Siku za bamvua bahari hurudi kwa nguvu, na mchanga mgumu ulioupita asubuhi huukuti tena mchana. Zaidi ya hilo, pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na kasa hutaga mayai kwenye fukwe hizo. Ada ya kuingia tutalipa, pikipiki tutaziacha juu, ufukweni tutakwenda kwa miguu.

Petroli: ukishauacha mji, mara nyingi unanunua ya chupa. Inue kwenye mwanga uitazame, kwa sababu maji hukaa chini. Inuse, kwa sababu mafuta ya taa hujitangaza yenyewe. Na mwenye sigara akae mbali.

Kitaya ni jambo zito zaidi. Oktoba 2020 wauaji walivuka mto kutoka Msumbiji na kukishambulia kijiji hicho. Pikipiki kumi na mbili kuingia bila taarifa katika kijiji kilichopitia yale ni kuwatisha watu kwa makusudi. Kwa hiyo majina yetu na namba za pikipiki zitatangulia kwa mtendaji na mwenyekiti wa kila kijiji cha mpakani, vitambulisho vitakuwa mfukoni, na tutapita mchana kweupe. Tukiambiwa tusipite, tutageuza bila kuuliza mara mbili.

Tarehe tumeiweka mwisho wa Agosti. Juni na Julai mikorosho inapuliziwa salfa, na kupita mashambani wakati ule ni kuimeza. Oktoba korosho zinaokotwa na kuanikwa, njia ni za wakulima na mizigo yao. Kuanzia Desemba mvua huchukua kila kitu. Agosti njia zina nafasi ya kutupokea.

Kanuni ya mwisho niliiandika mimi, kwa kalamu nyekundu. Katika uwanda wa Makonde watu huanika makopa kando ya njia, juu ya jamvi au chini kabisa kwenye udongo uliofagiwa. Mihogo ile ni chakula cha nyumba nzima mpaka mavuno mengine. Ukipita kwa kasi, vumbi lako linatua kwenye sufuria ya mtu. Palipoanikwa chakula, mwendo ni wa mtu anayetembea, na salamu ni shikamoo kabla ya honi.

*

Ming'oko ya moto, chumvi na pilipili, saa moja asubuhi: msafiri hahitaji zaidi.

*

Kofia ya abiria. Bado naandika juu yake, na nitaendelea. Jumatano nilisimama karibu na stendi kwa muda wa kunywa chai. Madereva wengi walikuwa na kofia ngumu, abiria karibu wote hawana. Ukiwauliza akina mama, sababu yao ni ya kweli: hawataki kuvaa jasho la watu ishirini waliotangulia, na nywele wamezisuka kwa gharama. Basi dereva abebe vitambaa safi vya kuvaa ndani ya kofia, au abiria abebe chake kwenye mkoba. Kitambaa kinauzwa bei ya mandazi. Fuvu haliuzwi.

*

Neno "njia za panya" linanikera kuliko nilivyowahi kusema hapa. Kila gari la magendo likikamatwa tunaambiwa lilipita njia za panya. Njia hizo zilikuwepo kabla ya mpaka. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma. Wanaoana, wanazikana, wanadaiana. Bibi anayevuka kwa mtumbwi kwenda kumwona dada yake hapiti njia ya panya. Anakwenda kwao. Mhalifu akamatwe, tena haraka, lakini njia iachiwe jina lake.

*

Ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma kuna Kionga. Mjerumani aliichukua 1894, Mreno akaichukua 1916, wakubwa wa dunia wakamthibitishia 1919. Wavuvi wa pande zote mbili hawakuulizwa hata mara moja.

*

Nilipokuwa nasoma juu ya njia yetu nilirudi kwa David Livingstone, aliyetua Mikindani Machi 1866 na kufuata Ruvuma kwenda bara. Alishaujaribu mto huo kwa meli ya Pioneer mwaka 1861, maji yakamkatalia. Safari hii alikuja na wanyama: ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda. Alitaka kujua kama wangeweza kuhimili nchi yenye mbung'o. Hakulipata jibu safi, kwa sababu wanyama wale walizidishiwa mizigo na kupigwa na waliokabidhiwa kuwatunza, na mwenyewe aliandika kwa uchungu akiwaona wanadhoofika na kufa mmoja baada ya mwingine.

Vitabu vya shule vinatuambia alikopita. Mimi nawafikiria ngamia. Walibeba mzigo wa safari mgongoni, na hakuna aliyeupanga mwendo kwa kuwatazama wao. Hili ndilo swali la mjomba wetu pale Chuno, ila miaka zaidi ya 150 nyuma: anayebeba akianguka, nani atamkuta?

*

Mtangazaji anayeigiza lafudhi ya Kimakonde ili watu wacheke, aache. Homa ya chikungunya ilitambuliwa kwanza mwaka 1952 kwenye uwanda huu huu wa Makonde, na jina lake ni la Kimakonde: kujipinda, kwa maumivu ya viungo. Leo madaktari wa Brazili na India wanalitamka neno hilo kwa heshima zote. Na "njomba" linalochekwa redioni ni mjomba, yule ambaye kwa Wamakonde, watu wa ukoo wa mama, ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani.

*

Msomaji mmoja kanisimamisha sokoni: kwa nini mnakwepa lami wakati sisi tumeililia miaka yote? Ana haki ya kuuliza. Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, lami ipo. Mnivata, Newala mpaka Masasi ni kilomita 160, na hizo ndizo zilizoliliwa miaka yote. Sisi tunakwenda vumbini siku tatu kwa kupenda, kisha tunarudi mjini. Mama mjamzito wa Kitangari hana siku tatu wala hapendi. Lami hiyo iishe, tena mapema. Tukiikuta imefika mbali kuliko tulivyotarajia, tutashuka kwenye pikipiki na kushangilia.

*

Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga. Mpango wenyewe ulikufa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataruma na vyuma viling'olewa. Walipanga treni, bandari, matrekta na mashamba, lakini mkulima aliyeijua mvua na udongo wa Nachingwea hawakumpa kiti kikaoni. Sisi tumempa. Katika kumi na wawili wetu, watatu ni wakulima wa Tandahimba, na ndio waliotuchagulia tarehe.

*

Alhamisi tulizika.

Alikuwa kijana wa kijiwe chetu, dereva bodaboda, mwenye namba ya saba kwenye orodha ya safari. Alianguka usiku, njia aliyoizoea, akirudi kutoka kumpeleka mgonjwa zahanati. Kofia yake ilikuwa nyumbani, imetundikwa msumarini. Mama yake alinionyesha. Kofia nzima, haina hata ufa. Kamba ya kidevuni ndiyo ilikatika wiki mbili kabla, na alisema atashona akipata nafasi.

Kikao cha dharura kilifanyika makaburini, tumesimama. Safari ipo. Namba saba haitajazwa. Tutakapohesabiana tutanyamaza pale, kisha tutaendelea na nane. Na kabla ya kuwasha injini, mjomba atapita kwa kila mmoja na kuvuta kamba ya kofia kwa mkono wake. Itakayokatika, mwenye nayo anabaki Mtwara.

Kamba ya kofia hushonwa na fundi viatu kwa dakika tano. Peleka yako kesho asubuhi.