UCHAMBUZI: Mzio upimwe, usikisiwe

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima ya afya. Kadi ya bima humfungulia mwananchi mlango wa matibabu, lakini manufaa yake hutegemea pia namna anavyoufuata mfumo wa rufaa. Jambo hilo linaonekana wazi katika maradhi ya mzio, au aleji kama wengi wanavyoyaita, ambayo kwa muda mrefu yamekuwa yakitibiwa kwa kukisia.

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapokipokea kitu kisicho na madhara, kama vile chavua, utitiri wa vumbi, karanga, samaki au dawa, kana kwamba ni adui. Dalili zake ni pamoja na kupiga chafya mfululizo, macho kuwasha, vipele, ukurutu na kubanwa na kifua. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za maradhi mengine, wagonjwa wengi huishia katika duka la dawa muhimu, hununua vidonge vya kutuliza mwasho, kisha hujikataza vyakula kimoja baada ya kingine bila kuujua mzizi wa tatizo.

Gharama ya kukisia inaonekana zaidi katika penisilini. Mtoto akitokwa na vipele baada ya kupewa dawa hiyo, faili lake huandikwa kuwa ana mzio, na maandishi hayo humfuata hadi utu uzima. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa takriban watu 9 kati ya 10 wenye maandishi ya aina hiyo, wakipimwa ipasavyo, hubainika kuwa wanaweza kuitumia penisilini kwa usalama. Wapo ambao vipele vyao vilisababishwa na virusi, na wapo ambao mzio wao ulififia kadiri miaka ilivyopita.

Suala hilo si dogo. Mgonjwa wa moyo uliodhurika kwa homa ya baridi yabisi hukingwa kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 hadi 4. Mjamzito mwenye kaswende naye huitegemea dawa hiyo hiyo ili kumlinda mtoto aliye tumboni. Kuwanyima dawa hiyo kwa sababu ya maandishi yasiyothibitishwa ni kuwaweka katika hatari. Hata hivyo, aliye na mzio wa kweli anaweza kupoteza maisha ndani ya dakika chache, hivyo mtu asijijaribu mwenyewe nyumbani.

Uchunguzi wa kitaalamu huanza kwa historia: dalili zilianza lini, baada ya kula au kugusa nini, na zilidumu kwa muda gani. Daktari anaweza kuweka tone la kichochezi kwenye ngozi ya mkono, kuichoma kidogo na kusoma matokeo baada ya dakika 15 hadi 20. Kipo pia kipimo cha damu. Kwa kuwa vidonge vya mzio huweza kuficha matokeo ya kipimo cha ngozi, daktari humweleza mgonjwa ni siku ngapi kabla ya kipimo aviache. Matokeo chanya pekee hayatoshi kuthibitisha mzio. Ni lazima yaoane na historia ya mgonjwa.

Baada ya hapo tiba hulenga chanzo. Mgonjwa huelekezwa namna ya kukiepuka kichochezi, hupewa dawa ya kupulizia puani au ya kuvuta kwa mwenye pumu, na baadhi huweza kufaa kwa tiba ya kuizoesha kinga ya mwili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 5.

Safari ya rufaa huanzia zahanati au kituo cha afya na kupanda hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda na ya Taifa. Mzio hugusa taaluma kadhaa, hivyo mgonjwa anaweza kupelekwa kwa bingwa wa ngozi, wa masikio, pua na koo, wa mfumo wa upumuaji au wa watoto. Mgonjwa anayefika na orodha ya vyakula, dawa na tarehe za dalili humrahisishia bingwa kazi.

Wananchi wanakumbushwa kuwa uvimbe wa midomo au ulimi, kukosa pumzi au kuzirai baada ya kula, kuumwa na nyuki au kupata dawa ni dharura. Mgonjwa afikishwe mara moja katika kituo cha karibu, ambako tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Akishapona, aombe rufaa ili chanzo kijulikane na kiandikwe kwa usahihi katika kumbukumbu zake.